Kichwa Kinaniuma

Jumapili, 24 Machi 1996

Shajara hii imekaa kimya tangu Novemba, nami sina udhuru. Katika miaka yangu yote ya ualimu niliwalazimisha wanafunzi waandike kila siku, na aliyeruka siku alisimama mbele ya darasa akajieleza. Basi nami nasimama. Mambo ya zahanati yalikuwa mabaya, na sikutaka kuyaona yakiwa katika mwandiko wangu mwenyewe. Naomba radhi.

Sasa yamefika mahali ambapo kunyamaza ni kosa kubwa kuliko uvivu. Ijumaa alikuja mjumbe wa kanisa kutoka ofisi ya Kisii. Yeye ni mtu wa Kakamega, kwa hiyo mikutano yetu naye huendeshwa kwa Kiswahili. Alisema kwamba msimu wa mvua uliopita watu wetu walingoja kutwa nzima kwa ajili ya sindano moja, na mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto alifia kwenye benchi akiwa na kadi mkononi. Mvua za mwaka huu zikipita vivyo hivyo, mkutano wa mwisho wa Julai utamwondoa Sista Nyanchoka na kuleta muuguzi mwingine. Wanakamati wote walimtazama Sista. Yeye alitazama dirisha.

Yupo hapa tangu zahanati ilipokuwa na kuta za udongo. Hana mume, na nyumba anayolala ni ya zahanati. Akiondolewa kazini ameondolewa na kitandani pia. Nilimwambia mjumbe kwamba mimi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, nitaipunguza foleni hiyo kabla ya Julai. Nilisema kwa sauti ya darasani. Onyancha, anayesimamia kituo cha kununulia majani chai hapa Ikonge na ambaye hajawahi kukubaliana nami kwa lolote, aliuliza kama nitaipunguza kwa kiboko.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imeanza. Mgonjwa wa mwisho leo alihudumiwa kwa mwanga wa taa ya chemli.

Jumanne, 2 Aprili

Lalit, mwenye duka mjini Kisii ambaye hutuuzia pamba na sindano, amemtuma kwetu binti yake Disha. Binti huyu alifanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha malori, na huko wakufunzi Wajapani walimfundisha namna ya kuondoa kila kinachochelewesha kazi. Sasa amerudi nyumbani kumsaidia baba yake. Ekegusii, lugha yetu, anaizungumza safi, maana amekulia nyuma ya kaunta akiwauzia mama zetu sukari. Kiswahili chake kinaniumiza masikio.

Aliniambia, "Mwalimu, wagonjwa yako inakaa sana."

Nilimwambia kwamba mgonjwa ni mtu, si gunia. Wagonjwa wangu wanakaa sana.

"Sawa," akasema. "Wanakaa sana. Lakini bado wanakaa."

Kisha alichukua uzi wa kushonea magunia, akafunga ncha moja kwenye mguu wa benchi, akamfuata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kila alikokwenda yule mama, Disha aliulaza uzi nyuma yake: dirishani kuchukua kadi, nyuma ya jengo kwenye mizani, kwa Sista, kwa Mokua wa maabara, tena kwa Sista kungoja majibu, dirishani kulipa, kwenye dawa, halafu dirishani tena kwa sababu dawa ya pili hulipiwa peke yake. Mama huyo alipomaliza, alasiri ilikuwa imeingia na uwanja ulikuwa kama utando wa buibui mlevi. Watu waliuruka uzi wakicheka. Sista hakucheka. Alisimama mlangoni akautazama, akasema kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza anaiona.

Ijumaa, 5 Aprili

Kamati imekubali kujaribu njia ya Disha. Nimejitwika kazi ya kumtafutia maneno. Alisema kungoja ni takataka. Nikasema neno linalofaa ni upotevu. Alisema mgonjwa "avutwe" na aliye huru kumhudumia badala ya kusukumwa na walio nyuma yake. Hilo nililiacha lilivyo kwa sababu ni kweli.

Mizani itahamishiwa mlangoni. Mwenye homa atatolewa damu pale pale anapofika, ili Mokua awe kwenye hadubini wakati mgonjwa bado yuko kwenye benchi. Vidonge vitafungwa katika pakiti kabla zahanati haijafunguliwa. Zaidi ya yote, mtu mmoja atakaa mlangoni, amwulize kila anayekuja anaumwa nini, na kumwelekeza. Wenye homa wataelekezwa kushoto, wenye vidonda na sindano kulia. Wenye kichwa au kikohozi watakwenda moja kwa moja dirishani wapewe vidonge na kurudi nyumbani.

Hapo palizuka swali la nani atakaa mlangoni. Sista alisema kwamba mlango huo unataka mtu asiye wa hapa, akamtaja mjane mmoja aliyehamia kutoka Kiogoro. Niliuliza kama mjane huyo anajua kuandika. Sista alisema anajua kidogo. Onyancha akaingilia kwamba mlangoni pawekwe mtu wa kuheshimiwa, watu waache kusukumana kama ng'ombe kwenye josho. Akasema, "Mwekeni Mwalimu. Hata mbuzi wanajipanga akipita." Wote wakacheka, wote wakakubali. Sista aliinama akaendelea kupanga kadi.

Sikudhani Onyancha angewahi kuninenea jema.

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya kwanza. Nilikaa mlangoni na meza, kalamu na saa ya mkononi. Hakuna aliyesukumana. Ilipofika saa sita benchi lilikuwa na watu wachache tu. Sista alitoka nje, akautazama uwanja mtupu kama mtu aliyepotelewa na kitu, akarudi ndani.

Alhamisi, 18 Aprili

Wanawake wengi wanakuja na maumivu ya kichwa. Wanasema "kichwa inauma". Nimekuwa nikiwasahihisha kwa upole: kichwa kinaniuma. Walio nyuma husikia, na wakifika mbele yangu husema sawasawa. Sikutarajia kwamba zahanati itakuwa darasa, lakini siwezi kusema sifurahi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Benchi fupi.

Ijumaa, 3 Mei

Mjumbe alifika bila taarifa. Alikuta benchi nusu tupu, akanipa mkono mara mbili. Alisema malaria ya mwaka huu inaonekana kuwa ya huruma. Mokua, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema vioo vya damu anavyopata kutoka kwa wanaume na watoto ni vibaya sana, ila vya wanawake ni vichache. Mjumbe alisema wanawake wetu ni imara. Tulicheka.

Sista hakuwa nasi. Alikuwa anaosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jumanne, 14 Mei

Mvua kutwa. Mlangoni ni kichwa, kichwa, kichwa.

Jumatano, 22 Mei

Disha alikuja leo na pakiti za vidonge. Nilitarajia sifa. Badala yake alikaa kando yangu asubuhi nzima akisikiliza, na watu walipopungua akaniambia kwamba foleni imekuwa fupi kuliko anavyotaka. Nilimwuliza tangu lini daktari akalalamika kwamba mgonjwa amepona mapema. Alisema kule kiwandani, kasoro ikitoweka haraka hivi, wakubwa wake hawakupiga makofi. Waliuliza imefichwa wapi.

Kisha akasema kitu kilichoniudhi. Alisema mama zetu wanakwenda hadi Kisii, kwenye duka la baba yake, kununua dawa ambazo ziko hapa hapa Ikonge. Wakiulizwa kwa nini, wanainama.

Nilimjibu kwamba biashara ya baba yake ikistawi sina la kumsaidia. Aliondoka bila kuaga. Nilikuwa mkali kupita kiasi, lakini naye ni kijana, na kijana hamweki mzee kwenye mizani.

Jumatano, 29 Mei

Leo mkaza mwana wangu Orpah alifika mlangoni. Ni mke wa Makori, mwanangu wa kwanza, ambaye anafundisha Kilgoris na huja mwisho wa mwezi. Orpah alisimama nje ya mwimo wa mlango, uso ameuelekeza kwenye migomba, kama inavyompasa mke wa mwanangu. Nami niliitazama meza, kama inavyonipasa. Niliuliza swali ninalomwuliza kila mtu.

"Kichwa kinaniuma, tata," alisema, akiniita baba kwa lugha yetu.

Sarufi haikuwa na kosa. Nilimwelekeza dirishani, akapewa vidonge, akaondoka. Uji usingepoa katika muda huo. Nilifurahi kwamba watu wa nyumbani kwangu nao wameonja faida ya utaratibu huu.

Ijumaa, 31 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa mlangoni. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu ulikuwa bado umeshika mashamba ya chai. Nilimwona mke wangu, Mama Makori, akipanda njia kwa mbio, miguu mitupu, leso imemwanguka kichwani. Sijamwona akikimbia tangu tulipokuwa vijana. Alinipita mezani kana kwamba nilikuwa kiti, akaingia kwa Sista. Walitoka pamoja, Sista ameshika begi lake. Nilisimama niwafuate. Mama Makori aligeuka akaniambia, "Wewe kaa."

Sikukaa. Niliwafuata kwa mbali mpaka bomani. Walikuwa ndani ya nyumba ya Makori, na kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nilisimama uani. Nilisikia sauti ya Sista ikiwa tulivu, na sauti ya Orpah ambayo sikuitambua. Sista alitoka kuchota maji. Niliiona mikono yake, nikageuza uso.

"Hospitali ya Nyamira," alisema. "Sasa hivi. Tafuta gari, Mwalimu."

Gari la pekee lilikuwa lori la majani, na lilikuwa kituoni kwa Onyancha, limeshapakiwa nusu. Wakulima walikuwa wamepanga mstari na vikapu vyao. Nilimwambia Onyancha kwamba mke wa Makori hawezi kutembea. Aliuliza anaumwa nini.

"Sijui," nilisema.

"Mwalimu hujui?" Alisema hivyo kwa kejeli, kama kawaida yake. Kisha akanitazama vizuri, na kejeli ikamtoka. Aligeuka akawaamuru wapakiaji washushe magunia yote. Wakulima walinung'unika kwamba majani yataharibika kwenye mvua, kwamba kiwanda hakitayapokea, kwamba watu wana watoto wa kulisha. Onyancha aliwajibu kwa Ekegusii neno moja tu, kwamba majani huota tena. Alivua koti lake la mvua akalitandika kwenye sakafu ya lori. Barabara ilikuwa tope tupu, naye mwenyewe alisukuma lori mpaka likapanda kilima, suruali imejaa matope hadi kiunoni.

Mimi sikupanda. Baba mkwe hapandi palipolazwa mke wa mwanawe. Nilitembea kwa miguu hadi Nyamira, mvua ikininyeshea, na magari mawili yalipita nikakataa kupanda kwa sababu sikutaka kuzungumza na mtu.

Mama Makori alinikuta getini pa hospitali.

"Yu hai," alisema.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Alisubiri nimalize.

"Mtoto hayupo."

Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto. Baba mkwe haambiwi. Huona tu wakati ukifika.

Jumamosi, 1 Juni

Sabato. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 4 Juni

Mama Makori amerudi kutoka hospitali kubadili nguo. Nilimwandalia chai mwenyewe, jambo ambalo sikumbuki kulifanya. Alikunywa nusu kikombe. Nilisema sielewi kwa nini Orpah hakwenda zahanati mapema. Niliyasema hayo kwa nia njema.

Alikiweka kikombe chini.

"Alikwenda. Alikuja kwako."

"Aliniambia kichwa."

"Angekuambia nini?" alisema. "Alikuwa anavuja damu tangu Jumatatu. Angesimama mbele yako, baba wa mume wake, na watu nyuma yake, akuambie hilo? Wewe ungelisikiliza?"

Naye, mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu huanza sentensi na kuniachia niimalize, aliendelea mpaka mwisho.

"Wote wanakuambia kichwa. Tangu ukae pale, kila mke aliyeolewa kwenye mlima huu ana kichwa. Anayevuja damu ni kichwa. Aliyevimba ziwa ni kichwa. Aliyeletewa ugonjwa na mume kutoka Nairobi ni kichwa. Wanafundishana njiani. Wanaambizana, useme kichwa, tena useme kinaniuma, asije Mwalimu akakurudisha darasa la pili. Halafu wanakunywa vile vidonge wanarudi kulala na ugonjwa wao. Na hao ndio wanaokuja. Wengi hawaji."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alijaribu mara mbili, na mara zote mbili nilimweleza jinsi foleni ilivyo fupi.

Lazima niandike hapa, kwa ajili ya wajukuu watakaolelewa mjini, kile ambacho kila mtu wa mlima huu anakijua. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani heshima na haya zinazomtenga mtu na wake za wanawe. Hatugusani nao, hatuketi karibu nao, na mambo ya mwili hayatajwi kati yetu hata kwa fumbo. Na mke wa mwana wa ndugu yangu ni mke wa mwanangu vilevile, na wa binamu pia, na karibu wote wanaokuja kwenye zahanati ile wameolewa katika ukoo wangu. Mimi nimewafundisha watu mambo haya. Nimewakemea vijana walioyasahau. Lakini nilidhani ni mambo ya nyumbani. Haikunijia kwamba mlango wa zahanati nao ni mlango, na kwamba nilikuwa nimeketi mahali ambapo hakuna mwanamke wa kwetu awezaye kupita akiwa na ukweli wake.

Jumatano, 5 Juni

Nilimwendea Sista Nyanchoka kabla zahanati haijafunguliwa. Nilimwuliza kama alijua. Alisema alijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wanawake walianza kumbishia mlango wa nyumba yake jioni kwa siri, naye aliwatibu huko kadiri alivyoweza. Orpah hakuthubutu kuja hata huko. Nyumba hiyo inaonekana kutoka shambani kwangu.

Nilimwuliza kwa ukali kwa nini alinyamaza.

"Nilisema mlango unataka mtu asiye wa hapa," alisema. "Ningesema nini zaidi, Mwalimu? Mimi nami ni binti wa mtu, nina haya zangu. Na wewe ndiye uliyenitetea kwa mjumbe."

Niliichukua kalamu yangu mezani nikaondoka. Mjane wa Kiogoro ameanza leo. Anaitwa Nyaboke, ana sauti ya chini, na hamsahihishi mtu.

Jumatatu, 17 Juni

Foleni imerudi, tena ni ndefu kuliko ile ya mwaka jana. Habari imevuka mito kwamba Mwalimu hayupo mlangoni, na wanawake wanakuja kwa makundi na magonjwa waliyoyalea tangu Aprili. Benchi halitoshi. Wamekaa kwenye nyasi, wamejifunika majani ya migomba. Mokua hainui kichwa kutoka kwenye hadubini.

Na leo ndiyo siku aliyoichagua mjumbe kuja. Aliutazama uwanja, akamwuliza Sista kilichotokea ni nini, maana mwezi wa tano kazi ilikuwa safi. Sista alisema wagonjwa wameongezeka. Mjumbe alisema ataandika alichokiona. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema neno.

Disha amerudi, ingawa sikustahili arudi. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyomwambia kuhusu duka. Alisema hata baba yake humwambia mabaya zaidi kabla ya chai ya asubuhi. Alizunguka foleni yote, akarudi akiwa na uso mchangamfu.

"Sasa hii ndiyo foleni ya kweli," alisema. "Hii naweza kuipunguza. Ile ingine ilikuwa ya uongo."

Sikusahihisha "ile ingine".

Jumanne, 25 Juni

Onyancha anasema hadharani, kituoni kwake, kwamba Sista alimpa vidonge vya kichwa mwanamke aliyekuwa anakufa. Anasema yeye alimbeba kwa lori na aliona kwa macho yake, na kwamba tarehe thelathini Julai atasimama aseme muuguzi huyu aondoke. Zamani ningesema ni fitina. Sasa najua si fitina. Mtu aliyesukuma lori lile ana haki ya kumkasirikia mtu. Amekosea tu mtu wa kumkasirikia.

Ningeweza kumrekebisha kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ni juu ya mwili wa mke wa mwanangu, na nitaisema mbele ya wanaume. Nikinyamaza, Sista anafukuzwa kwa kosa langu. Nikisema, namvua Orpah nguo mkutanoni.

Jumapili, 7 Julai

Makori yupo nyumbani. Tulikaa nje. Aliuliza jambo moja tu.

"Tata, mlangoni alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kupasua kuni. Alipasua mpaka giza likaingia, na kuni zilikuwa zinatosha tangu mchana.

Jumatano, 10 Julai

Baridi. Sikuandika jana kwa sababu hapakuwa na kitu.

Alhamisi, 18 Julai

Disha ametundika mapazia ya kitambaa cha maua kutoka dukani kwao, na Nyaboke sasa anawauliza watu mmoja mmoja katika chumba kilichokuwa stoo. Kliniki ya wajawazito imepewa alasiri yake. Wenye sindano za kila siku hawapangi tena foleni, wanaingia kwa mlango wa nyuma. Leo watu wa mwisho waliondoka jua likiwa bado juu, na aliyesema kichwa alikuwa na kichwa kweli. Lakini mjumbe hakuwepo kuyaona haya. Aliyoyaandika ni ya Juni.

Orpah ametoka hospitalini. Tulikutana njiani leo. Alipisha upande wa juu, nami nikapisha upande wa chini, tukapitana.

Jumapili, 28 Julai

Nilimwambia Mama Makori kila kitu: Onyancha, mkutano, Sista, na kwamba siwezi kusema bila kumtaja Orpah wala siwezi kunyamaza. Nilimwomba anipelekee ombi. Mimi siwezi kumwomba mkaza mwana wangu ruhusa ya jambo kama hilo kwa kinywa changu. Sijui kama kuna baba mkwe aliyewahi kuliomba kwa kinywa chochote.

Alikaa huko muda mrefu. Alirudi akaketi, akavua viatu, ndipo akanipa jibu.

"Amesema useme. Lakini amesema useme kichwa."

Nilimwuliza ana maana gani.

"Amesema, mwambie tata aseme kichwa. Wanaume wa hapa wana wake za wana wao. Wataelewa."

Jumanne, 30 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, daftari gotini.

Mkutano ulianza saa tatu. Mjumbe alisoma aliyoyaona Juni. Kisha Onyancha alisimama. Hakutukana. Alieleza habari ya lori na koti lake, na alipofika mahali ambapo Orpah alilia njiani, alitazama chini. Alisema muuguzi anayempa mtu kama huyo vidonge vya kichwa hafai kuachiwa hata paka. Sista alikuwa ameketi kando ya ukuta, mikono magotini. Hakujitetea.

Nilisimama. Nilisema kwamba Sista Nyanchoka hakumwona mgonjwa huyo. Aliyemwona ni mimi. Nilimwuliza anaumwa nini, naye akaniambia kichwa, nami nikampeleka dirishani.

"Kichwa, Mwalimu?" aliuliza Onyancha.

"Kichwa," nilisema. "Na kila mke wa mwana wa mlima huu aliyepita mbele yangu kuanzia Aprili aliniambia kichwa. Foleni ya Mei, ambayo mjumbe aliisifu, ilikuwa fupi kwa sababu hiyo. Foleni ya Juni ilikuwa ndefu kwa sababu mimi niliondoka mlangoni. Kama kuna wa kuondolewa, ni aliyekuwa ameketi pale."

Mjumbe aliuliza ni ugonjwa gani huo wa kichwa, na unahusianaje na mlango. Aliwatazama wanakamati mmoja mmoja. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama mahali pengine. Mwishowe Onyancha alizungumza, polepole, bila kumwangalia yeyote.

"Mke wa mwanangu wa pili naye alikuwa na kichwa," alisema. "Mwezi wa tano." Akaketi.

Mjumbe alisema haelewi, lakini anaona kwamba wengine wameelewa, na hilo linamtosha kwa sasa. Alisema kuna watu wawili wa kuamuliwa, na wanaoamuliwa hawakai chumbani. Basi Sista na mimi tulitoka.

Ndani wanazungumza kwa Ekegusii, kwa hiyo mjumbe amewaachia uwanja. Nasikia sauti ya Onyancha juu ya nyingine lakini sishiki maneno yake. Hapa nje Nyaboke anaendelea na kazi, na wagonjwa wanatupita wakienda mahali pao. Mwanamke mmoja wa ukoo wetu alipofika karibu na benchi alisita kwa sababu yangu. Niliinuka nikahamia mwisho kabisa, nikageukia ukuta, naye akaingia.

Sista ameniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika kwamba tunangoja. Amesema yeye amezoea upande ule mwingine wa mlango, na kwamba benchi hili ni gumu kuliko alivyofikiri.

Mlango ukifunguliwa na uamuzi ukisemwa, nitauandika siku hiyo hiyo, hata kama neno lake la kwanza litakuwa jina langu.